Tairi Haizuii Mvua

Pajulu, Arua

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ya kwanza ni yako, ya pili ni ya magoti yako, maana najua yanaamka kulalamika kabla ya jogoo. Yanaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Bi Hawa akuletee ilifika, au iliishia Arusha? Na yule mbuzi mwenye roho mbaya, bado anawapiga wajukuu pembe? Mimi huku mzima, nakula, nalala, nasali. Mvua za huku bado zinanyesha na kila kitu ni kijani. Nikikumbuka vumbi la Kondoa mwezi huu natamani nifunge wingu moja kwenye kanga nikutumie. Lakini hapana, lisije kwanza. Hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Kaka Ramadhani alinipigia simu akanisomea mashtaka yako yote, tena kwa sauti yako kabisa, unamjua anavyoigiza. Kwamba Zaituni kamwacha mama yake, mvua zikija, alale tena na sufuria kitandani zikikinga matone, yeye analivalisha gari viatu vipya. Na kwamba ulisema, "Mwambieni tairi haizuii mvua." Mama, kwanza nilicheka. Halafu nikakaa kizingitini nikalia, kwa sababu ni kweli. Pesa ile ilikuwa ya mabati yako. Niliahidi kwa mdomo wangu kwamba tembe la marehemu baba litatoka kwenye udongo na kupata bati kabla ya mvua za mwaka huu. Mabati yakageuka tairi. Kaka hakusema uongo, ila kaka nikimpa kumi anakufikishia tano. Ndiyo maana naandika. Mwajuma akusomee polepole, na asiruke mstari, namjua huyo.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu. Napakia nyanya na vitunguu hapa Arua, napita Koboko, nafika Oraba mpakani, ng'ambo yake ni Kaya ya Sudan Kusini. Barabara kubwa ni lami safi, huwezi kuilaumu. Lakini nyanya hazioti kwenye lami, Mama. Lazima niingie ndani kwa wakulima, kwenye njia za kokoto zenye ncha, na tairi inapigwa mbavuni kabla hata haijauona mzigo. Na mimi tangu nianze nilikuwa nanunua mitumba kwa rafiki yangu Drani, ambaye kibanda chake cha tairi kiko karibu na soko. Bei nzuri, maneno matamu, na tairi ambayo imeshazunguka dunia nzima ikaja kufia kwangu.

Sasa kuna desturi huku, na bila kuijua hii hutanielewa. Madereva wa njia hii wanasema spea ni ya njia. Ukimkuta mwenzio wa gari kama lako kaharibikiwa, unashuka, unampa tairi yako ya akiba, humuulizi jina. Akifika Oraba anaiacha kwa Mama Keji, mama wa Kisudan anayeuza chai pale getini, nawe unaichukua safari ijayo. Ni desturi ya kiungwana, mimi imeniokoa mara nyingi, nyingi mno hata wakanipachika jina la Mama Spea. Nikisimama tu pembeni wanapiga honi wakicheka: "Mama Spea, leo tena?" Nilikuwa nakopa tairi jinsi watu wanavyokopa chumvi.

Lakini binadamu ni binadamu. Kwa kuwa spea ni ya kupewa watu, kila mmoja anaiweka ile mbovu kuliko zote. Vipara vitupu, vingine waya zimetokeza nje. Na mimi nilifanya hivyohivyo, tena nikijiona mjanja. Basi siku moja nimepasukiwa nje ya Koboko, nikapewa kipara cha mtu, nikashukuru, nikafunga, nikaendelea. Ndani nilikuwa na akina mama wawili wanaokwenda kununua sabuni mpakani, na mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kwenye mteremko kile kipara kikapasuka. Gari liligeuka likatazama tulikotoka, Mama, likaserereka kinyumenyume hadi kwenye majani. Kreti za nyanya zilimwagika barabara nzima. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Mmoja wa wale akina mama alishuka, akanitazama, akasema tu, "Mwanangu, mimi iko na watoto." Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningevumilia.

Niliogopa sana. Sikukwambia kwa simu kwa sababu ungeniambia niache gari nirudi kulima ufuta, na pengine siku ile ningekubali.

Nikaenda kwa Drani. Nikamwambia nataka mpya, zile nzito zenye ubavu mnene, ambazo bei yake ukiisikia unakaa chini. Drani akasonya. "Mama Spea, tairi iko tairi tu. Ile ya bei kubwa iko ya wakubwa ya Arua Hill."

"Wakubwa wa Arua Hill wanatoka nyumbani kwenda ofisini, tena kwa lami," nikamjibu. "Hao ndio mitumba yako ingewatosha. Mimi nabeba watu kwenye mawe."

"Sawa. Nachukua ngapi? Nne?"

"Tano."

"Ya tano ya nini?"

"Ya spea."

Mama, Drani alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Akawaita wenzake waje kusikia. "Muone mutu nanunua tairi mupya ya kukopesha!" Nami moyoni nilijua ya tano ndiyo iliyomaliza mabati yako. Nne tu zingebakisha kidogo. Lakini nilikuwa nimekwisha kupewa kile kipara, nikaona kilichotaka kufanya, na nikajiuliza: nitampaje mtu mwingine cha namna ile, huku mimi nimekaa juu ya mpya? Wewe mwenyewe ulitufunza jirani hapewi mchele wenye mawe.

Wiki za mwanzo zilikuwa raha tupu. Gari lilitulia barabarani, usukani haukunivuta upande, hata mafuta nikaona yanakaa kidogo. Nilipita wenzangu wakiwa wamesimama na jeki, nikawapigia honi mimi: "Leo tena?" Nisamehe, nilikuwa na kisasi cha siku nyingi.

Halafu nikakutana na Taban. Simjui, sijawahi kumwona. Nilikuwa natoka Oraba gari tupu, yeye anakwenda, pikapu kama yangu, imelala upande mmoja, spea yake nayo imeshapasuka iko chini. Nyuma ana simenti, turubai lenyewe limechanika katikati. Na wingu, Mama, jeusi, linatoka upande wa Kongo linakuja.

"Dada," akasema, "mimi iko na simenti ya Hajji hapa. Mvua nakuja. Kama nalowa, inakuwa mawe, na mimi nafukuzwa kazi."

Nilisimama pale nikiitazama ile tairi yangu mpya, bado ina vile vinywele vya mpira, haijagusa barabara hata mara moja. Nakwambia ukweli, nilitamani nimwambie sina. Ilikuwa paa lako lile, lililoviringishwa. Lakini spea ni ya njia. Nikaishusha. Taban aliishika, akaipapasa, akaniuliza, "Hii? Kweli hii?" Nikamwambia funga upesi kabla sijabadili mawazo.

Safari iliyofuata nikapita kwa Mama Keji. Hakuna tairi. Iliyofuata tena, hakuna. Akanimiminia chai, akasema, "Nasikia iko gari ya simenti ilienda mbele ya Kaya. Maji nakata daraja. Pengine narudi, pengine hapana." Mama Keji ni mtu wa kusema mambo kama yalivyo. Aliuliza kila gari lililovuka, aliuliza mpaka wabadilisha pesa. Mimi nikawa naendesha bila spea, nasoma dua kila ninapoona jiwe. Drani akinikuta sokoni ananiuliza kwa upole wa kinafiki, "Tairi ya kukopesha iko salama?"

Na ni katikati ya hayo ndipo simu ya kaka ikaja. Tairi haizuii mvua. Umeelewa sasa kwa nini nililia? Sikuwa na mabati, sikuwa na tairi, na mama yangu ana haki.

Safari ya baada ya simu hiyo hata sikutaka kusimama Oraba. Mama Keji ndiye aliyetoka getini na kanga yake akinipungia kama mtu anayefukuza kuku. Taban alikuwa amekaa kwenye benchi lake, amekonda, ndevu zimeota, na tairi yangu iko miguuni pake. Alikuwa ameiosha, Mama. Ina kovu refu mbavuni, jiwe limeilamba vibaya, lakini haikutoboka. Akaniambia Oraba hakupata tairi nyingine akavuka nayo, wakakwama ng'ambo mpaka maji yaliposhuka, na kwamba kwa njia ile, kama ingekuwa kipara, angekuwa bado yuko huko. Watu walitaka kuinunua akiwa na njaa, akakataa. "Iko ya njia," akasema. Nilimkumbatia mbele ya maaskari wa forodha na sikuona haya.

Lakini subiri, haijaisha. Taban akaniambia bosi wake ananitafuta. Huyo ndiye Hajji mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Koboko, mzee mfupi, sauti nzito, anasali msikiti mmoja na mimi nikipita siku ya Ijumaa, na kumbe sikuwahi kumjua. Nikaingia dukani kwake nikiogopa, nikidhani labda kuna kesi. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe ndiyo mama ya tairi mupya?"

"Ndiyo, Hajji."

"Simenti yangu ilifika Kaya mbele ya mvua. Iko kavu sababu ya wewe." Kisha akachambua misumari. "Mutu nachunga spea hivi, yeye nachunga mzigo namna gani? Mimi nataka mutu kama hiyo."

Basi nimepata kazi, Mama. Mzigo wa Hajji wa kila wiki, Koboko hadi Oraba, simenti, misumari, na, usicheke, mabati. Nabeba mabati ya watu kila wiki! Yakigongana nyuma nasikia kama yananisema. Nyanya bado nabeba siku nyingine, lakini hii ni kazi ya uhakika, haiozi njiani.

Kaka aliuliza kama tairi za bei kubwa zina maana, au ni majivuno tu. Mwambie inategemea gari linakwenda wapi na limebeba nani. Kama yeye anakwenda na pikipiki yake gengeni na kurudi, anunue anachoweza, asinisingizie mimi. Anayebeba watu kwenye kokoto na mvua, huyo ya bei rahisi itamtokea puani. Na hata hizo mpya si za miujiza, usipozipima upepo zinaisha upande mmoja kama kandambili za mlevi. Drani mwenyewe siku hizi ameweka mpya mbili kibandani. Anawaambia wateja ni yeye aliyenishauri! Nimemwacha, ni rafiki yangu.

Sasa sikiliza vizuri. Malipo ya Hajji ya safari za kwanza nimeyatuma leo asubuhi kwa simu ya kaka. Hayatoshi nyumba nzima, sikudanganyi. Yanatosha upande wa chumba chako. Chumba chako kwanza, sebule itafuata, na jiko la mwisho. Nenda dukani wewe mwenyewe, usimtume kaka. Yagonge mabati kwa kidole, na ukipewa yale membamba yanayolia kama debe, yakatae, hata kama ni rahisi. Ulishasikia yaliyonikuta.

Bi Hawa atakuletea na kifurushi. Ni makatambuga, huku wanayaita lugabire, yamekatwa kwenye ile mitumba yangu ya mwisho. Fundi amekupimia kwa unyayo wangu, maana unyayo wangu ni wako. Kwenda shambani hayana mpinzani, na kwa spidi yako hayatapasuka. Kuhusu lile swali lako la mume, mwambie shangazi aache kunitafutia, kwa sasa tairi tano zinanitosha.

Nisalimie mjomba Juma na fundi wake wa kuezeka, awahi kabla hajashikwa na kazi za wengine. Msalimie wifi yangu, mke wa kaka, mwambie asichoke kukusaidia kubeba maji. Shangazi Mwanahamisi aliyenifundisha kusuka ukili, mwambie vidole vyangu siku hizi vinasuka kamba za turubai. Mwajuma, wewe unayesoma, asante, na usome shule kama unavyosoma barua za watu. Kaka Ramadhani msalimie pia, muigizaji yule.

Wakimaliza kuezeka, Mama, ondoa sufuria zote kitandani. Usiache hata moja kwa wasiwasi. Mvua ya kwanza ikija lala chali, sikiliza inavyopiga bati juu yako, usikilize mpaka uchoke. Halafu asubuhi umwite kaka, anipigie, na safari hii uniambie mwenyewe kwa mdomo wako kama tairi haizuii mvua.

Mwanao akupendaye,
Zaituni, ambaye huku bado wanamwita Mama Spea