Mwalimu Phadke Anatafuta Mke

Vaishu, niko mlangoni mwa darasa na birika la chai, kicheko kimenibana mbavu.

Yule Phadke anayefundisha uhusiano wa umma kamkatalia mwanafunzi wake Ketaki kuonyesha ukurasa wa kazi zake, na mgeni aliyekuja kuchagua wa kuajiri kakaa pale pale. "Utatuaibisha, binti. Tazameni wangu."

Eti wangu. Akaufungua kwa projekta, ukutani pakatokea: "Ngozi rangi ya ngano. Hali nyama. Anatafuta mke mpole, ajuaye kupika." Kumbe kafungua ule aliotengenezewa na mamake wa kutafutia mchumba.

Mke mpole, Vaishu. Na domo lile.

Mgeni kamgeukia Ketaki taratibu: "Haya, mwanangu, fungua wako. Wewe angalau unatafuta kazi."