Ufagio Kwenye Kiti cha Mgeni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi kimekuachia ulale, na kwamba Mama ameacha kupanda ngazi kwa ule mguu wake, kama tulivyomsihi sote naye akatuitikia sote bila kumsikiliza hata mmoja. Mimi ni mzima. Mwenye nyumba amepaka rangi chumba changu, rangi ambayo sikuichagua, lakini angalau paa halivuji tena. Ningeweza kukupigia simu, ila kwenye simu huwa unanikatiza nikifika katikati, na jambo hili nataka ulisikie mpaka mwisho. Kaka atakuletea bahasha hii kwa mkono.

Jumapili uliniomba nakala safi ya mahojiano ya rafiki yako Waya, yule fundi wa laini mliyefanya naye kazi shirika la simu, ambaye tangu utotoni ulitufundisha kumwita Baba Mdogo. Ulisema kile kipande kinachozunguka kwenye simu za watu kina mikwaruzo, nanyi mnataka kukicheza kwa kipaza sauti Jumamosi, kwenye mkutano wa chama cha wastaafu, kabla ya kumpigia kura ya kumvua uenyekiti na kumfuta uanachama. Ulisema pia unajivunia kuwa na mtoto anayefanya kazi mahali ambapo watu wanaulizwa ukweli usoni. Niliyaandika maneno hayo kwenye shajara yangu, pamoja na tarehe, kama ulivyonizoesha. Kabla ya hapo hukuwahi kuniambia unajivunia kazi yangu. Nilipoyasoma tena asubuhi yake nilitamani usingeyasema.

Basi ngoja nikueleze mahali penyewe, maana hujawahi kufika.

Studio yetu iko juu ya duka la magodoro. Chumba kimoja, na kuta tumezibandika vipande vya godoro alivyotuuzia mwenye duka kwa bei ya kutupa, ili sauti isigonge. Mbele ya kamera kuna meza, nyuma yake ukuta mweusi ulioandikwa kwa herufi nyekundu: HAPA HATUNUNULIKI. Chini ya maandishi hayo, kila baada ya muda mfupi, linapita tangazo la kampuni ya kamari. Kuna viti viwili vinavyofanana. Cha mgeni kilipelekwa kwa seremala kikakatwa miguu kidogo. Mgeni akikaa, magoti yanapanda, shingo inarefuka, anaonekana kama mtoto aliyeitwa ofisi ya mwalimu mkuu. Cha mtangazaji kina mto.

Mtangazaji wetu unamjua, yule mnayemwita Mwenge, na yeye mwenyewe hujiita hivyo hata akiagiza chai. Wewe hukaa na wenzako mkimsikiliza, mnasema vyombo vikubwa vimenunuliwa vyote, huyu ndiye mdomo pekee uliobaki. Baba, nimekaa na mdomo huo miaka mitatu nikiwa fundi sauti wake, vipokea sauti masikioni. Namsikia hata akimeza mate. Mtu huyu ni mwoga. Mgeni mwenye cheo akiingia, Mwenge husimama kumlaki, humshika mkono kwa mikono miwili, humuuliza habari za familia. Kamera ikiwaka humuuliza maswali laini kama uji wa mgonjwa: mheshimiwa, changamoto ni zipi, mheshimiwa, vijana wafanyeje. Mgeni anajibu, anashukuru, anashuka ngazi. Gari lake likishaondoka, Mwenge anavua koti, anakunja mikono ya shati na kukunja uso, kisha anaanza kuuliza maswali yaleyale upya, safari hii kwa ukali. Kwenye kiti cha mgeni mimi huwa nimesimamisha ufagio, na juu ya mpini nimeuvisha kofia, ili macho yake yaelekee mahali kichwa cha mtu kingekuwa. Anaunyooshea kidole. Anapiga meza. Baadaye tunachukua swali la hasira tunaliunga na jibu la adabu, na nyinyi huko nyumbani mnasema, mwanamume huyu haogopi mtu.

Shujaa wenu, Baba, huukaripia ufagio.

Nilivumilia, nikijiambia kwamba angalau maswali ni yaleyale na majibu ni ya mgeni mwenyewe. Nilivumilia pia midahalo. Ungewaona wale wasomi wa itikadi na teknolojia ungecheka mpaka kikohozi kirudi. Mmoja, kijana wa kompyuta, alisema miaka kumi ijayo hakutakuwa na serikali wala bunge, kila mtu atajitawala kwa simu yake, na wakati anasema hayo simu yake ikazima kwa kukosa chaji, akaomba waya wangu. Mwenzake, mwenye ndevu na skafu shingoni katika joto lile, akamjibu kwamba mashine yoyote ni silaha ya tabaka linaloimiliki, na mfanyakazi hana budi kuipokonya. Walibishana mchana kutwa. Mwanamke anayetufagilia alisubiri mlangoni wamalize afunge apate kuondoka. Yule mtetezi wa wafanyakazi akamwambia bila kugeuka, "Mama, subiri, tunazungumza mambo ya msingi." Mwenge akaiita siku hiyo siku ya kihistoria. Kila wiki tuna siku ya kihistoria.

Kipindi kilichompa sifa kuliko vyote ni kile cha akili bandia, alipoonya kwamba kompyuta sasa zinaweza kumtengenezea mtu maneno ambayo hakuyasema. Sauti yake ilitetemeka. Alisema siku tutakayoshindwa kuyaamini masikio yetu ndiyo siku tutakayokuwa watumwa. Uliniambia Mama alilia. Wiki mbili baadaye akamwalika Baba Mdogo.

Alimwalika kwa ajili ya mfululizo wa mashine zilizowapokonya watu kazi, na kisa chenu kilikuwa kinamfaa sana: mitambo ya kujiendesha ilivyoletwa, wanawake waliounganisha simu kwa mkono ubaoni na nusu ya mafundi walivyoachishwa bila kifuta jasho, kwa sababu kuna mtu wa chama cha wafanyakazi, asiyejulikana mpaka leo, alitia sahihi kwa siri kukubali. Baba Mdogo alikuja amevaa lile koti lake la kijani, unalijua. Aliponiona alinishika kichwa kama zamani akauliza kama bado nalala na redio. Kisha akakaa kwenye kile kiti kifupi na goti lake bovu, akajibu yote kwa utulivu. Mwenge alimuuliza, kwa ile sauti yake ya uji, kama anajua ni nani aliyetia sahihi. Sikiliza alivyojibu, maana hujawahi kulisikia jibu hili:

"Namjua. Si mimi. Ni mtu mwema aliyetishwa vibaya, na nyumbani alikuwa na mtoto mgonjwa. Sitamtaja kwenye mashine yako hii, na hata ukizima sitamtaja."

Mwenge akashukuru, akaendelea na mengine.

Sasa, kuna utaratibu wa kazi yangu ambao lazima nikueleze, bila huo hutaelewa. Kila chumba kina ukimya wake. Kuna mvumo wa feni, kuna gari la mbali. Mahojiano yakiisha huwa namwomba mgeni abaki kitini bila kusema neno, narekodi ukimya huo, na baadaye nautumia kuziba mapengo, ili sikio lisishtuke mahali tulipokata. Kamera nayo huwa bado inakwenda. Nilimwambia, Baba Mdogo, tulia kidogo, nachukua ukimya. Akatii kama askari. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akainamisha kichwa akilikanda goti. Midomo ilimchezacheza. Nilipomwambia basi, imetosha, alinieleza alikuwa anahesabu, akidhani mwenyewe ndiye wa kujua muda umekwisha.

Alipoondoka nikauleta ufagio. Mwenge akarudia maswali yake, na katikati akauliza moja ambalo hakuwa amemuuliza Baba Mdogo: "Mzee, sahihi iliyowauza wenzako ni yako. Ndiyo au siyo?" Nikajua ni majivuno tu, maana hakukuwa na jibu la kuliunga nalo, tutalitupa. Nilikosea hapo. Safari hiyo picha alikwenda kuiunga mwenyewe nyumbani kwake. Nilikuja kuiona Jumapili baada ya ombi lako, ikiwa imeshaenea, kwenye simu ya muuza magodoro.

Umeiona, sina haja ya kukusimulia. Swali, halafu ukimya. Mzee anavua miwani. Mzee anainamisha kichwa. Midomo inacheza, sauti haitoki. Chini wameandika: MSALITI AKOSA LA KUSEMA. Ule ni ukimya wangu, Baba. Nauwekea kiapo. Kuna mlio wa pikipiki unaopita nje, niliusikia nikiurekodi.

Nilimkabili Mwenge asubuhi iliyofuata. Sikupiga kelele, unanijua. Nilimwambia swali lile halikuulizwa na ukimya ule si jibu. Alinitazama kwa huruma, kama daktari. Akanieleza kwamba mimi ni fundi na nafikiri kifundi. Kuna ukweli wa matukio, akasema, na kuna ukweli wa kiitikadi, na huu wa pili ndio unaoikomboa jamii. Mzee kama yule angeulizwa angenyamaza tu, kwa hiyo yeye alichofanya ni kumwokolea muda. Nikamuuliza, na kile kipindi cha kompyuta kumtengenezea mtu maneno? Akasema, "Mimi sikumtengenezea maneno, Fundi. Nilimtengenezea ukimya." Akacheka, akaangalia kama kuna mtu mwingine chumbani wa kucheka naye. Palikuwa na ufagio tu. Niliweka ufunguo mezani, nikachukua vipokea sauti vyangu, ambavyo nilinunua mwenyewe, nikashuka. Kwa hiyo hilo nalo ulijue, sina kazi. Usimweleze Mama kwa haraka, ataniletea wachumba.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Baba Mdogo. Nilimkuta barazani na koti lake, hana mgeni. Mkewe aliniambia majirani wameacha kuwaitikia salamu, na mjukuu wao amerudishwa kutoka kucheza. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya mkono wangu uliosimamisha ule ufagio. Nikamwambia ninayo rekodi nzima, pamoja na lile jibu lake, na nitakuja nayo Jumamosi niicheze mbele ya wastaafu wote. Akakataa. Nilibishana naye, akakataa. Akauliza kikohozi chako kinaendeleaje. Nikamjibu kwa hasira kwamba wewe ndiye uliyeleta hoja ya kumfukuza, hivyo asikuulizie. Akatabasamu tu, akasema, "Mwache baba yako. Atasema mwenyewe. Nimempa muda."

Hapo ndipo nilipokumbuka salamu zake. Siku ile ya mahojiano, akishuka ngazi, alinishika bega akasema nimsalimie baba, na nimwambie hakusema. Nilikupigia jioni hiyo nikakufikishia, Baba Mdogo anakusalimu, anasema hakusema.  Halafu ukasema mzee yule ameanza kuchanganyikiwa, ukaniuliza bei ya unga. Mimi nikaona ni mambo ya wazee, nikasahau.

Mtoto mgonjwa nyumbani mwaka wa ile mitambo nilikuwa mimi. Mama amenisimulia mara nyingi jinsi nilivyolazwa hospitali, na jinsi wewe ulivyokuwa karibu kufukuzwa, halafu ghafla ukabakizwa kazini na gharama zikalipwa. Alikuwa anaisimulia kama muujiza. Na katibu wa tawi wa chama cha wafanyakazi mwaka huo hakuwa Baba Mdogo. Ulikuwa wewe. Sahihi ile ni yako.

Nimeandika sentensi hiyo nikaamka kunywa maji, nikarudi, bado ipo.

Sikulaumu kwa sahihi. Walikutisha, na mimi nimekua mzima kwa sababu yake, siwezi kujifanya sijui. Lakini wiki hii, Baba, hakuna aliyekutisha. Ulipoona kile kipande ulijua kuliko mtu yeyote duniani kwamba ni uongo, hata kabla yangu mimi niliyeurekodi ukimya wenyewe. Ukaufurahia. Ukaomba nakala yenye sauti kubwa. Nimemwita Mwenge mwoga katika barua yote hii, na sasa sijui wewe nikuite nani. Yeye angalau anaukaripia ufagio. Wewe mahali pa ufagio umemkalisha rafiki yako.

Nakala uliyoniomba imo ndani ya bahasha hii, kwenye flashi. Nimeitengeneza vizuri, haina mkwaruzo. Ni mahojiano yote tangu mwanzo, na lile jibu limo, na ukimya uko mwishoni, mahali pake. Nyingine sijampa mtu, maana mwenyewe aliyesingiziwa amekataa. Icheze, au usiicheze, au simama useme kwa mdomo wako bila mashine yoyote, ambalo ndilo yeye analolingoja.

Msalimie Mama, mwambie mguu wake apumzishe, na yale mengine mwambie wewe. Wasalimie wadogo zangu wote. Jumamosi nitakuja mkutanoni, nitakaa viti vya nyuma karibu na mlango, na sitakuja na kinasa sauti. Ukisema, nitakusikia. Ukinyamaza nitakusikia pia, na ukimya huo hakuna mtu atakayeweza kusema umeungwa.

Ni mimi mtoto wako uliyempa jina la Sikio.