Chumba Nilichompangia Mama Nambozo

Jumatano, Jinja. Mvua ilianza kabla ya adhuhuri na bado inapiga mabati. Wiki hii sina harusi ya kupiga video, kwa hiyo sina kisingizio cha kutoandika.

Nina majuto leo. Nayasema mapema ili aliyekuja hapa kutafuta picha za mabibi harusi aondoke salama.

Wanaonisoma siku zote wanajua nahangaika na filamu yangu ya kwanza isiyo ya harusi. Nawahoji wanawake wa upande wa Mbale ambao waume zao walichukuliwa zama za utawala wa wanajeshi, wasirudi. Vifaa vyangu ni simu moja yenye kamera nzuri, kinasa sauti cha kubana nguoni nilichoazima kwa mshereheshaji, na taa yangu ya kazini. Basi. Mfadhili hakuna. Nimejisifu sana hapa kwa ubahili wangu, mkanipigia makofi, nami kichwa kikavimba.

Dada Khainza ndiye aliyenipeleka kwa mama yake. Anauza mitumba Mbale, amenizidi umri kama miaka ishirini, na tulijuana kwenye harusi ya mpwa wake. Baba yake alitoka nyumbani asubuhi moja, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Zaidi ya hapo hajui kitu. Mama yake, Mama Nambozo, hajawahi kuwasimulia watoto wake. Wakimuuliza anainuka kuosha vyombo.

“Wewe ni mgeni,” Khainza aliniambia. “Mgeni anaweza kuambiwa. Mimi nataka kusikia tu, hata kama ni kwa simu yako.”

Hakunituma kitu kingine zaidi ya hicho.

Nyumba yao iko Busiu, nyuma kidogo ya barabara ya Tororo, na jirani ana mashine ya kusaga mahindi. Ikianza kunguruma, sauti yote inaharibika. Kukodi mahali patulivu sikuweza, kwa hiyo nilifunga mlango na dirisha. Chumba kikawa giza, nikawasha taa, na kwa kuwa ni moja tu nikaielekeza usoni mwake. Nikamkalisha kwenye kiti cha mbao, mgongo ukutani, nyuma yake pasionekane vyombo na magunia. Msaidizi sina, kwa hiyo nilimwomba Khainza asimame nje mlangoni, asiingie mtu. Mkalimani wa Kimasaba anataka malipo ya siku nzima. Mama Nambozo anasikia Kiswahili, nikaona hiyo ni bahati, nikauliza kwa Kiswahili.

Nimelelewa na babu, na babu alikuwa mpishi wa kambi ya jeshi hapa Jinja. Kiswahili cha nyumbani kwetu kilitoka kambini pamoja na masufuria yake. Ni kifupi, na kinaamrisha. Ninapoandika hapa nakipiga pasi kwanza, lakini nikiwa na haraka kinatoka kilivyo.

Siku ile nilikuwa na haraka, maana mwenye mashine alikubali kunyamaza nusu saa tu.

“Kaa hapa. Tazama mimi. Sema jina yako kamili.”

Jina kamili ni la kupimia sauti. Kila mpiga video anafanya hivyo.

“Jina yangu Nambozo, afande.”

Nilicheka. Huku kwetu hata mlinzi wa duka anaitwa afande, nikadhani ananitania. Akaendelea kujibu vizuri mno, mikono juu ya magoti, vazi lake la gomesi limetulia kama la mtu anayesubiri picha ya kitambulisho. “Bwana yangu alienda soko. Mimi hapana ona nani alichukua yeye. Mimi hapana jua kitu.” Hakusita wala hakulia. Kila jibu lilikwisha kabla swali langu halijapoa. Nilitoka nje nikamwambia Khainza kwamba mama yake ni hodari mbele ya kamera.

Hodari. Ndilo neno nililotumia.

Wiki mbili baadaye Khainza alikuja Jinja kwa shughuli zake. Nikamweka mbele ya kompyuta, nikamvisha spika za masikioni, nikaenda kumtengenezea chai nikiwa na furaha ya mtu anayetoa zawadi. Niliporudi alikuwa amezivua.

“Zaina, huyu si mama. Mama haongei hivi.”

Kisha akanieleza jambo ambalo shangazi yake alimnong'oneza zamani. Baba alipopotea, wanajeshi walimrudia mama. Walimfungia chumbani siku mbili, taa machoni, wakimuuliza kwa Kiswahili mume wake alikuwa na rafiki gani. Khainza hakuwahi kunitajia kwa sababu hakuwa na hakika, na pia, nadhani, kwa sababu mimi sikuuliza.

“Mlifunga mlango?” akaniuliza.

“Tulifunga.”

“Nani alisimama nje?”

Akakumbuka mwenyewe, akafunika mdomo kwa kiganja.

Nilikuwa nimemrudisha mama wa watu ndani ya chumba kile. Kila nilichofanya kwa kubana matumizi kilikuwa kimeshafanywa na watu wengine kabla yangu, kwa sababu zao. Rahisi ghali, wahenga walisema, na mimi bili nimemtumia bibi wa miaka karibu themanini.

Khainza hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alisema turudi, tufanye vizuri.

Jumapili iliyopita tulirudi. Safari hii taa niliiacha Jinja. Tulikaa uani, mlango wazi, mashine ya jirani ikinguruma itakavyo. Mama Nambozo alinipokea kwa “mulembe”, salamu yao ya amani, na kwa mikono miwili, akanipakulia malewa ya karanga, akacheka nilivyong'ang'ana na yale machipukizi ya mianzi mdomoni. Alisimulia habari za mbuzi wa jirani kwa Kimasaba, Khainza akanitafsiria, tukacheka sote. Nikasema moyoni, huyu ndiye mama mwenyewe, leo tutasikia.

Nikanyanyua simu. Khainza akauliza kwa Kimasaba, taratibu, akichambua maharage pamoja naye, siku ile baba aliondoka vipi.

Mama Nambozo aliweka maharage chini. Akanyoosha mgongo, mikono juu ya magoti. Hakumtazama binti yake. Alinitazama mimi.

“Bwana yangu alienda soko. Mimi hapana ona nani alichukua yeye. Mimi hapana jua kitu.”

Khainza akauliza tena kwa njia nyingine, alivaa shati gani, alisema nini mlangoni. Majibu yakatoka yaleyale, kwa mpangilio uleule, kwa Kiswahili, kwangu. Nikazima simu. Nilitamani kulia pale pale, lakini nani angemfariji nani?

Wakati wa kuaga alimvuta Khainza pembeni, akamwambia jambo kwa sauti ya chini. Simu yangu ilikuwa mfukoni. Tulipofika barabarani Khainza alinitafsiria. Mama alisema: “Wakirudi kukuuliza mara ya pili, hawatafuti jibu. Wanatafuta uliyobadilisha. Usibadilishe hata neno moja.”

Khainza amepita miaka hamsini, na hilo ndilo neno la kwanza mama yake amewahi kumwambia kuhusu siku zile. Baba hakutajwa ndani yake. Na tangu utoto yeye na ndugu zake walikuwa wakimuuliza mara ya pili, ya tatu, ya kumi.

Sijalala vizuri tangu hapo. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu hakungoja hata kuzaliwa kwa mtoto.

Leo asubuhi Khainza alipiga simu. Tangu tuondoke, mama yake anauliza kila siku kama barua imefika. Barua gani? Barua ya kuonyesha amemaliza kuhojiwa. Zamani zile, aliyeachiwa alipewa karatasi yenye muhuri, akaitunza, ili gari la wanajeshi likija tena awe na kitu cha kuwaonyesha. Kwa maswali yangu ya mara mbili hajapewa karatasi yoyote. Sasa anakaa karibu na mlango, na shambani hataki kwenda.

“Mwandikie,” Khainza alisema. “Kwa Kiswahili. Ya Kimasaba hataamini.”

Nikamuuliza, na wewe je? Maana tukishaandika hivyo, hakuna tena wa kumuuliza. Si mimi, si yeye.

“Mimi nilishazoea kutojua. Yeye aende shambani.”

Kwa hiyo mchana wote nimekuwa nikiandika. Nimechana karatasi nne, kwa sababu nilitaka kuomba msamaha ndani yake, na karatasi ya namna hiyo haiombi msamaha. Hii ya tano inasema:

Mama Nambozo wa Busiu ameulizwa mara mbili. Majibu yake yote ni yaleyale. Hana kosa. Hataulizwa tena na mtu yeyote.

Kesho asubuhi nitaipeleka mwenyewe, nimkabidhi kwa mikono miwili. Simu nitaiacha nyumbani. Video nimezifuta zote mbili, ya chumbani na ya uani, na filamu itaendelea bila yeye, kama itaendelea. Najua kufuta hakumponyi mtu. Nimefuta kwa sababu sikustahili kuwa nazo.

Muhuri nimepiga, ule wa risiti zangu za harusi. Sahihi nimetia. Imebaki sehemu moja. Khainza amenionya kwamba chini ya jina langu mama atatafuta cheo, na kisipokuwapo atajua karatasi haina nguvu. Niliandika “mpiga video”, nikaona hakitamsaidia kitu mbele ya watu anaowangoja.

Nimeshika kalamu tangu alasiri. Niandike mimi ni nani?