Jibu Lilikuwa Katikati

Iringa,
Jumanne jioni

Dada yangu Tumpe,

Shikamoo. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kwamba baridi ya huko milimani haijakurudishia kile kifua. Huku kwetu ni upepo tu, vumbi mpaka kwenye chai. Viazi ulivyotuma vilifika, ndaga fijo, asante sana. Wifi yako amekubali sasa kwamba vya sokoni hapa si viazi.

Ningeweza kupiga simu, lakini nikisikia sauti yako nitaanza kujitetea. Ndiyo maana barua hii nimempa mwalimu mwenzangu Liberatus, anayekuja Mbeya harusini.

Habari ni za Tusekile. Juma lililopita nilikueleza kwamba binti yako ameanguka mtihani wa hisabati, ameondolewa tahasusi ya sayansi na kupelekwa ya historia, na uhandisi alioutamani ndiyo basi. Nikaongeza kwamba ana kiburi, alinibishia mbele ya darasa zima. Naomba sasa usikie yote.

Unajua tangu umlete shuleni kwetu nilivyoogopa maneno ya watu, kwamba mwalimu Isakwisa anambeba mpwa wake. Basi nikamkazia kuliko wengine. Siku ile nilikuwa nafundisha kutafuta ni namba zipi zinafanya 6 + x − x² iwe kubwa kuliko sifuri. Nikazidisha pande zote kwa hasi moja ili hesabu ikae vizuri, nikaendelea, nikapata kwamba x ni ndogo kuliko hasi mbili au kubwa kuliko tatu. Tusekile akanyoosha mkono. Akasema tuweke sifuri mahali pa x: inabaki sita, na sita ni kubwa kuliko sifuri, sasa mbona sifuri haimo kwenye jibu? Nikamwambia ujomba auache getini, akae chini.

Dada, ukizidisha kwa hasi, alama ya kubwa kuliko lazima igeuke iwe ndogo kuliko. Hilo huwaimbia watoto kila mwaka, na siku ile mimi mwenyewe nikalisahau. Namba zilizotakiwa ni za kati ya hasi mbili na tatu. Mimi nikawapa za nje. Ni kama shimo la mbegu ya viazi, fupi mno halifai na refu mno halifai, halafu bwana shamba anakusisitizia huko huko kusikofaa. Kwenye mtihani wenzake waliandika jibu langu nikawapa alama. Yeye aliandika la kweli, nikamkata, na alama hizo ndizo zilizomtoa sayansi.

Kosa nililiona Ijumaa, nikichora mchoro wa somo lililofuata. Mkunjo ulipanda juu ya mstari pale pale katikati, alipopasema yeye. Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa shule nikakiri, kisha nikakiri mbele ya darasa. Mkuu alinisema nilivyostahili. Tusekile amerudishwa sayansi. Ningependa barua iishie hapa.

Lakini kulikuwa na Jumamosi. Wewe, kwa maneno yangu, ulimpigia kupitia simu ya matroni ukamwamuru aje kuniomba radhi. Alikuja. Alipiga magoti mlangoni kama ulivyomfundisha kumwamkia mjomba, macho chini, akaomba nimsamehe kwa kunibishia, akaahidi hatarudia. Nami nilikuwa nimeshajua, dada. Mchoro ulikuwa juu ya meza. Nikamwambia nimemsamehe, ainuke. Wifi yako akamletea chai, akanisifu kwa moyo wangu mwema, nami nikazipokea sifa hizo. Hilo sikumwambia mkuu wala darasa. Naona aibu.

Leo niliuliza darasani alama hugeuka lini. Tusekile, yule aliyekuwa akinyoosha mkono kabla sijamaliza swali, alibaki anatazama daftari. Nikamwita kwa jina. Akasimama, akajibu kwamba ni vile nitakavyosema mimi, mwalimu.

Ukiongea naye, usimwambie anisamehe. Ukimwambia asamehe atasamehe tu, ndivyo tulivyomlea. Mwambie anibishie. Mimi nimemwambia, ameitikia ndiyo mjomba, macho chini.

Nisalimie shemeji na majirani wote, na jifunike vizuri asubuhi.

Ni mimi mdogo wako,
Isakwisa