Shangazi, Bega Langu Lilikufikisha Juu

Shangazi,

Miezi saba imepita tangu tukuzike kijijini Mbangala, na bado sijakueleza mambo yalivyokwenda siku ile.

Kwanza nikushukuru. Unakumbuka nilivyokuwa nilipokuja kwako Tunduma kukusaidia kuuza chakula kwa madereva wa malori? Watu waliniona binti. Mimi nilijijua mwanaume. Nikaona dawa ni njaa. Nikikonda, nyonga hazitaonekana, kifua kitalala. Kutwa nzima nawapakulia watu, mwenyewe nashindia chai ya rangi. Alfajiri nakimbia mpaka mji wa jirani, Mpemba, na kurudi, kifua nimekikaza kwa kitambaa.

Mpaka nikaanguka mbele ya wateja, na sufuria ya maharage mkononi.

Ulinivuta nyuma ya kibanda, ukakiona kile kitambaa. Hukupiga kelele. Ulikilegeza, ukaniletea ugali na samaki. Wewe uliyeniita "mama" tangu utoto, siku hiyo ukasema, "Kula, baba."

Nilikula huku nalia, Shangazi.

Nilipokuambia naogopa kunenepa sehemu nisizotaka, ulitafuta makopo mawili ya rangi, tukayajaza zege, tukayaunganisha kwa bomba. Ukaniambia, "Nyanyua. Lakini ushibe kwanza." Dereva mmoja akauliza kama mimi ni dada au kaka. Ukamjibu, "Huyo ni baba yangu. Wewe agiza chakula."

Basi, siku ya mazishi baba mdogo aliniamuru nifuate nyuma na wanawake. Nikafuata. Ila mvua ilikuwa imenyesha, njia ya kupanda makaburini utelezi mtupu. Mbebaji mmoja akaanguka, jeneza likayumba. Sikuomba ruhusa. Nilikimbia nikaingiza bega, nikakubeba mpaka juu, bila kupokewa na mtu. Nikamsikia baba mdogo nyuma yangu, kwa sauti ya chini: "Taratibu, kijana wangu."

Siku mbaya bado zipo. Kuna asubuhi najitazama kwenye kioo, halafu sahani naisogeza pembeni. Baadaye naivuta tena. Sasa nakula mbele ya watu, mchana kweupe, na mikono hii inapakia magunia ya mahindi pamoja na wanaume wenzangu.

Pumzika, Shangazi. Baba mdogo amenipigia simu, anataka tulime wote shamba lako mvua zikianza. Nimekubali. Nakuahidi, halitaota magugu nikiwa hai.

Mimi wako,
Tumaini