Kaseti ya Unyago na Spika ya Barazani

Imrani,

Kisamvu kipo jikoni, kipasheni moto. Kuku wafungieni kabla ya magharibi. Nimekwenda Lionja kumcheza mwali, mjukuu wa shangazi yako Hajra. Redio kaseti nimeondoka nayo. Kile kidude ulichokichomeka nyuma yake ili ipeleke sauti kwenye spika zako zisizo na waya, kipo juu ya kabati.

Asubuhi nilikuwa najikumbusha nyimbo za unyago. Spika moja nikaiingiza chumbani, nikaipunguza sauti, nikajua ndiyo hiyo tu inayoimba. Kumbe ya barazani nayo umeiunganisha! Waya hauonekani, ningejuaje? Wazee wa msikiti wakasikia mambo ya wanawake huku wanakunywa chai yangu. Wewe ukaja mbio, ukaichomoa kaseti mpaka utepe ukatoka kama utumbo wa kuku. Nimeurudisha wote, taratibu, kwa kalamu ya biki.

~~Niombee radhi kwa wazee.~~ Hapana, radhi siombi. Nilichungulia dirishani, hakuna hata mmoja aliyenyanyuka. Mzee Twaha aliongeza kikombe.

Umesema kaseti hii ni aibu, niichome moto. Sichomi. Samia mkeo alichezwa kwa nyimbo hizihizi, na kungwi wake nilikuwa mimi. Miaka kumi na miwili sijakusikia ukilalamika. Kama hazifai, mrudishe kwao.

Nitarudi Jumapili. Mlango wa uani msiufunge kwa komeo.

Mama yako