Ombi la Kuanua Tanga Bila Nyama ya Sheshe

Viwanja Sitini,
Ifakara.

Kwako Baba yangu mpendwa, huko ulikopumzika,

YAH: OMBI LA KUANUA TANGA LAKO BILA NYAMA YA SHESHE

Shikamoo, Baba. Husika na mada tajwa hapo juu. Mimi Remijusi, mwanao wa kwanza na mrithi wako, ninakuandikia kwa heshima na taadhima nikiomba ruhusa ya kuiacha desturi moja ambayo wewe mwenyewe uliitimiza kwa Babu.

Awali ya yote nikujulishe hali ya nyumbani. Mama hajambo, na amerudi kwaya. Mpunga wa bondeni umechanua vizuri. Gobore lako tumelikabidhi kituoni kama sheria inavyoelekeza. Nililibeba mwenyewe begani, nikalia njia nzima. Uniwie radhi, neno hilo halikuwamo katika rasimu.

Sasa niingie katika kiini. Jumamosi tunaanua tanga. Kama ujuavyo, msiba wa mwindaji katika ukoo wetu humalizwa kwa nyama ya mnyama aliyezoea kumwinda, na mrithi ndiye humwua. Bila hivyo, Mama hawezi kuvua nguo nyeusi. Baba Mdogo Kasiani amekuja kwa treni kutoka Mlimba, mkuki wake ameuviringishia mkeka. Nilimfafanulia kwamba hatuna kibali cha kuwinda, akanijibu: "Kaka yangu alale na njaa kwa sababu ya karatasi?"

Baba, unakumbuka zamani mbuga ilivyokuwa nyekundu kwa sheshe, swala wetu wa bondeni, hata mimi nikadhani ni nyasi zinazotembea? Baadaye ng'ombe walijaa mbugani, sheshe wakaadimika, nawe ukaacha kwenda. Ulikaa kibarazani ukipiga taratibu mluzi wako wa kuwaita, na hakuna aliyekujibu. Lakini ninayo habari njema. Masanja, jirani yetu Msukuma, amehamishia ng'ombe wake malisho mengine, na siku moja alinisimamisha sokoni: "Nenda ng'ambo ukawaone mbuzi wekundu wa baba yako. Wamerudi!"

Juzi asubuhi nilivuka mto pamoja na Baba Mdogo. Nilipiga ule mluzi unaomfanya dume adhani mwenzake ameingia uwanjani mwake. Baba Mdogo akacheka: "Unaita dume au unaita bodaboda?" Nikarudia, nikiulaza ulimi kama ulivyonifundisha.

Akajibu, Baba. Dume mmoja, shingo nene, pembe zimepinda kuelekea mbele, alitoka majanini akipiga mluzi wake na kuja kwetu moja kwa moja. Nyuma yake walisimama majike, na watoto wakichungulia kati ya miguu ya mama zao. Nilitamani ungekuwapo. Nilitamani sana.

Baba Mdogo aliuinua mkuki. Ndipo nilipomkumbusha asubuhi ile ulipomshika mkono yeye mwenyewe, ukamwambia: "Kasiani, acha. Huyo ndiye mwenye uwanja. Ukimwua, majike watahama, na kesho utampigia nani mluzi?" Aliushusha. Tukakaa kuwatazama mpaka jua likawa kali. Wakati wa kurudi alitangulia, na nilimsikia akijaribu mluzi wako kwa siri. Hauwezi hata kidogo.

Hata hivyo, hajakubali. Anasema siku ile ulikuwa unamnusuru dume mmoja tu, hukuwa unafuta desturi, na kwamba mwenye mamlaka ya kuifuta ni wewe, si mimi. Katika hilo yuko sahihi. Kwa hiyo barua hii itasomwa kaburini Jumamosi mbele ya Shangazi Paskalina, ambaye atakikalia kigoda chako na kukujibia kama ilivyo ada yetu. Tayari amenionya: "Fupisha, Remi. Kaka yangu hotuba zilikuwa zinampa usingizi."

Nafupisha. Kwa kuzingatia kauli yako mwenyewe kwa Baba Mdogo, naomba nyama ya sheshe ibadilishwe kwa kambare wa mto uliokuwa ukiuvuka kwenda kuwinda, Mama avue nguo nyeusi, nami nirithi mluzi peke yake. Naahidi kuwafundisha wajukuu wako kumwita sheshe mpaka aje, kisha wamwache arudi kwa wake zake.

Kwaheri, Baba. Majani ya ng'ambo bado yanalala upande ule ule ulioupenda.

Naomba uamuzi wako: kambare, au sheshe?

Wako mtiifu,
Remijusi